Kumwandikisha mtoto shule ya msingi: Stakabadhi, ada na misaada ambayo mzazi anafaa kufahamu

KILA Januari shule zinapofunguliwa, milolongo mirefu ya wazazi hushuhudiwa kwenye malango ya shule za msingi za umma kote nchini. Baadhi yao huja na bahasha zilizojaa stakabadhi, wengine huja mikono mitupu wakiwa wamemshika mtoto tu. Kufikia adhuhuri, wenye bahasha huwa wamekwisha kuondoka. Wanaosalia aghalabu ni wale walioambiwa warudi na kitu: cheti cha kuzaliwa, pesa za dawati, ripoti ya chekechea, au sare kamili.

Katika orodha hiyo kuna mambo ambayo shule inaruhusiwa kuyauliza, na kuna mengine ambayo haina mamlaka ya kuyafanya kuwa sharti la kumpokea mtoto. Tatizo ni kwamba mzazi aliye langoni huambiwa yote kwa sauti moja, naye huyachukulia kuwa amri moja. Wako watoto waliopoteza muhula mzima, na wengine mwaka, kwa kutojulikana tofauti hiyo.

Ahadi ya elimu bila malipo haikuanza jana. Mwaka wa 1974, serikali ya Rais Jomo Kenyatta ilifuta karo kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la nne. Madarasa yalifurika, na shule nyingi zikaanzisha ada za ujenzi ambazo katika sehemu kadhaa zilizidi ile karo iliyofutwa. Rais Daniel arap Moi alipochukua hatamu alifuta ada zilizosalia na, kuanzia 1979, akaleta maziwa ya bure ambayo kizazi kizima kinayakumbuka kwa jina la maziwa ya Nyayo. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja sera ya kugawana gharama, na mzigo ukarudi mabegani mwa wazazi.

Hatua iliyodumu ni ile ya Januari 2003, serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka wa 2002 hadi karibu milioni 7.2 mwaka uliofuata. Mwaka mmoja baadaye, Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge alijiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84. Picha yake akiwa amevalia kaptura na soksi ndefu ilizunguka ulimwengu, na watu wengi waliiona kama kichekesho. Lakini kwa hakika ilikuwa ushahidi wa jambo moja zito: kwamba umri mkubwa haukuwa tena sababu ya kumfungia mtu lango la shule.

Leo ahadi hiyo si tamko la kisiasa tena. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtoto ana haki ya kupata elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inafafanua haki hiyo, nayo inamlazimu pia mzazi: asiyempeleka mtoto shuleni bila sababu ya maana anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh30,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Sheria hiyo inaharamisha ubaguzi wa mtoto anayetafuta nafasi, uwe wa kabila, dini, jinsia, rangi, ulemavu, lugha au hali ya familia yake. Aidha, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inapiga marufuku kumnyima mtu nafasi shuleni kwa sababu ya virusi hivyo.

Umri na mahali pa kuanzia

Chini ya mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mnamo Januari 2019, mtoto hupitia miaka miwili ya elimu ya awali, yaani PP1 akiwa na umri wa miaka minne na PP2 akiwa na mitano, kisha huingia Gredi ya Kwanza akiwa na sita. Husoma hadi Gredi ya Sita katika shule ya msingi, ndipo aendelee na shule ya sekondari msingi, Gredi ya Saba hadi ya Tisa, ambayo tangu 2023 imewekwa katika maboma ya shule za msingi.

Hapa pana jambo linalowachanganya wazazi wengi. Elimu ya awali ni jukumu la serikali za kaunti kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba, ilhali shule ya msingi ni jukumu la serikali ya kitaifa. Majengo huenda yakawa katika uwanja mmoja, na watoto wakanywa uji wa sufuria moja, lakini fedha na wakubwa ni tofauti. Ndiyo sababu mzazi anaweza kutozwa kiasi fulani kwa mtoto wa PP2, kisha akaambiwa dada yake wa Gredi ya Pili halipiwi karo. Malalamiko kuhusu chekechea ya umma hupelekwa kwa idara ya elimu ya kaunti. Ya shule ya msingi huenda kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo.

Je, mtoto ambaye hakupitia chekechea anaweza kukataliwa Gredi ya Kwanza? La. Mwalimu anaweza kumpima ili ajue amweke darasa gani, lakini mtihani wa kuamua nani aingie na nani arudi nyumbani hauruhusiwi katika shule za umma. Ripoti ya PP2 inamsaidia mwalimu kumfahamu mtoto, na ni vyema kuibeba kama ipo. Isipokuwepo, mtoto bado ni mtoto wa miaka sita mwenye haki ya kusoma.

Cheti cha kuzaliwa

Hiki ndicho kizingiti kikubwa, na kinahitaji kuelezwa kwa utulivu.

Tangu serikali ianzishe mfumo wa kidijitali wa NEMIS mwishoni mwa muongo uliopita, kila mwanafunzi hupewa nambari yake ya kipekee, na nambari hiyo hupatikana kwa kuingiza maelezo ya cheti cha kuzaliwa. Mfumo mpya unaoitwa KEMIS, ambao Wizara ya Elimu ilianza kuuleta mwaka wa 2025, unafuata mkondo uo huo. Fedha ambazo serikali hutuma shuleni huhesabiwa kwa nambari hizo. Mtoto asiye na nambari hukaa darasani, hukalia dawati na kutumia chaki, lakini katika vitabu vya Nairobi hayupo.

Basi tusimlaumu mwalimu mkuu kwa haraka. Anapodai cheti, mara nyingi anaitetea bajeti ya shule yake. Mwaka wa 2025 Wizara iliendesha uhakiki wa idadi ya wanafunzi kote nchini kufuatia madai ya wanafunzi hewa, na tangu hapo walimu wakuu wengi wamekuwa waangalifu hata zaidi kuhusu kila jina wanaloliandika.

Hata hivyo, mahitaji ya kompyuta hayawezi kuishinda Katiba. Kifungu cha 53 hakisemi kila mtoto mwenye cheti. Kinasema kila mtoto. Kwa hivyo shule ina haki ya kuuliza cheti na kumhimiza mzazi akitafute, na mzazi ana wajibu wa kukitafuta. Lakini mtoto aingizwe kwenye daftari la darasa na aanze kusoma wakati stakabadhi inashughulikiwa. Mzazi anayekabiliwa na hali hii aende shuleni na ithibati kwamba ameanza safari: risiti ya ombi la cheti, karatasi ya taarifa ya uzazi kutoka hospitalini, kijitabu cha kliniki chenye rekodi ya chanjo, au barua ya chifu. Mwalimu mkuu mwenye busara huona ni rahisi zaidi kumpokea mtoto ambaye ombi lake lina tarehe na mhuri.

Kuhusu jinsi ya kukipata cheti chenyewe, sheria inataka kuzaliwa kwa mtoto kusajiliwe katika muda wa miezi sita. Aliyezaliwa hospitalini hupewa karatasi ya taarifa ya uzazi kabla ya mama kuruhusiwa kwenda nyumbani. Karatasi hiyo si cheti, ingawa kina mama wengi huiweka sandukuni kwa miaka sita wakidhani wamemaliza kazi. Aliyezaliwa nyumbani huripotiwa kwa naibu wa chifu, ambaye ndiye wakala wa usajili katika lokesheni ndogo. Baada ya hapo ombi la cheti hufanywa kupitia jukwaa la eCitizen, au kwa msaada wa maafisa katika vituo vya Huduma na ofisi za usajili wa raia. Ada ya cheti ilipandishwa mwaka wa 2024 kutoka Sh50 hadi Sh200. Kwa watu wa mjini kiasi hicho ni kidogo. Kwa mama wa Ganze au Loima mwenye watoto wanne, ukijumlisha na nauli, ni pesa za unga wa siku kadhaa.

Miezi sita ikipita, usajili huwa wa kuchelewa. Huo huhitaji fomu ya ziada, vitambulisho vya wazazi, na ushahidi wa mahali na tarehe ya kuzaliwa, kama vile kadi ya chanjo, cheti cha ubatizo au barua ya shule. Huchukua muda mrefu. Mzazi anayeanza utaratibu huu mwezi wa Desemba atafika Januari akiwa bado yuko kwenye foleni, maana ofisi za usajili hufurika wakati huo. Anayeanza Mei au Juni huwa na nafasi ya kurekebisha makosa, na makosa huwa mengi: jina la mama lililoandikwa tofauti na la kwenye kitambulisho ndilo linalorudisha maombi mengi zaidi.

Mama anayemlea mtoto peke yake asikubali kuambiwa kwamba cheti hakiwezi kutolewa bila baba kuwepo. Kinaweza kutolewa kwa jina lake pekee. Na kama anataka jina la baba liwemo, sheria ilibadilika. Zamani kifungu cha 12 cha sheria ya usajili kilihitaji ridhaa ya baba, au ithibati ya ndoa, na mahali pa jina lake palijazwa herufi za X. Mnamo Mei 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Tangu hapo mama anaweza kuwasilisha ushahidi kuhusu baba na jina likaandikwa.

Yatima na watoto waliotelekezwa hushughulikiwa kupitia kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Nyanya au shangazi anayelea yatima aende kwake kwanza, akiwa na vyeti vya vifo vya wazazi iwapo vipo, kabla ya kwenda katika ofisi ya usajili.

Kuna familia ambazo kwao cheti hakikuwa suala la kuchelewa bali la kutotambuliwa kabisa. Mnamo Machi 2011, Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa jamii ya Wanubi katika masuala ya usajili na uraia. Wamakonde wa Kwale walilazimika kufunga safari ya maandamano hadi Nairobi mnamo Oktoba 2016 ndipo serikali ikaagiza wapewe vitambulisho. Washona walitambuliwa mwaka wa 2020, na Wapemba wanaoishi katika mwambao wa Kwale na Kilifi mwaka wa 2023. Mzazi asiyekuwa na kitambulisho hawezi kumpatia mwanawe cheti kwa urahisi, na mtoto asiye na cheti hukua akawa mtu mzima asiye na kitambulisho. Familia za jamii hizi ambazo hazijakamilisha usajili zinashauriwa zisingoje hadi mtoto afike umri wa shule.

Karo, ada, mchango

Mhariri hulipwa kutofautisha maneno, na katika suala hili maneno ndiyo yanayomwibia mzazi. Sheria inapiga marufuku karo ya masomo katika shule ya umma. Inapiga marufuku pia ada ya kumsajili mtoto anapoingia shuleni. Kwa hiyo hakuna shule inayodai karo. Zinadai mchango, ahadi, motisha ya walimu, pesa za mlinzi, pesa za karatasi za mitihani, na dawati. Mara nyingine yote hayo huitwa ya hiari, ingawa mtoto wa asiyelipa hurudishwa nyumbani.

Sheria ya 2013 haikufumba macho kuhusu malipo hayo. Inaruhusu ada nyingine zitozwe, lakini kwa idhini ya Waziri wa Elimu kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Hata zikiidhinishwa, hakuna mtoto anayepaswa kufukuzwa au kukatazwa kuhudhuria kwa sababu hazijalipwa. Na kila senti inayopokelewa lazima itolewe risiti rasmi. Hilo la mwisho ndilo silaha bora ya mzazi. Ukiambiwa ulipe, uliza kwa upole risiti ya shule yenye mhuri, na utaona ni malipo mangapi yanayogeuka kuwa si ya lazima.

Kwa nini shule zitoze ilhali serikali inalipa? Mpango ulipoanza 2003, kila mtoto alitengewa Sh1,020 kwa mwaka: Sh650 za vitabu na vifaa vya kufundishia, na Sh370 za matumizi ya kawaida ya shule. Kiasi hicho kiliongezwa baadaye hadi Sh1,420, nacho kimekaa hapo kwa miaka mingi huku bei ya kila kitu ikipanda. Kwa utaratibu wa kugawa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu, mtoto mmoja huwa ametengewa Sh284 kwa muhula wa mwisho wa mwaka. Fedha zenyewe zinachelewa mara kwa mara. Mlinzi, maji na umeme havichelewi kudai. (Kwa mlinganisho, mtoto wa sekondari msingi katika boma lilo hilo hutengewa Sh15,042 kwa mwaka.) Huu si utetezi wa shule zinazofukuza watoto, bali ni maelezo ya chanzo, na mzazi anayehudhuria mikutano ya chama cha wazazi atafanya vyema kuuliza hesabu hizi zisomwe hadharani.

Vitabu vya kiada hununuliwa na serikali na tangu 2018 hupelekwa moja kwa moja shuleni. Mzazi asitumwe kununua kitabu cha kiada ambacho tayari kimo katika kabati la shule. Sare, madaftari na kalamu ni juu ya mzazi, na sare ndiyo gharama kubwa kuliko zote mwezi wa Januari. Kuna shule ambazo huweka sare zilizotumika za wanafunzi waliohitimu. Hazitangazi. Uliza.

Katika vitongoji vya Nairobi kama vile Mukuru na Kibera hali ni tofauti kabisa. Huko shule za umma ni chache mno, na maelfu ya watoto husoma katika shule za kibinafsi za gharama ya chini zilizoanzishwa na watu binafsi, makanisa na makundi ya jamii. Wazazi hulipa, na fedha za serikali hazifiki. Anayetaka kumhamisha mtoto kutoka huko hadi shule ya umma anaweza kukwama ikiwa shule ya kwanza inadai deni na inakataa kuachilia jina la mtoto katika mfumo. Deni ni suala kati ya shule na mzazi, na linaweza kudaiwa kwa njia halali. Halifai kumzuia mtoto. Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo ndiye wa kuelezwa.

Mtoto mwenye ulemavu

Wazazi wa watoto hawa huambiwa maneno laini zaidi kuliko wengine, na hurudishwa nyumbani mara nyingi zaidi. "Hatuna mwalimu wake" ni jibu la kawaida. Ni kweli shule nyingi hazina. Lakini ulemavu umetajwa waziwazi katika sheria kama sababu isiyokubalika ya kumnyima mtoto nafasi, na sera ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inapendelea wasome pamoja na wenzao katika shule ya karibu pale inapowezekana.

Pa kuanzia ni kituo cha tathmini na nyenzo za elimu, ambacho wengi hukiita EARC. Vituo hivi vilianzishwa mwaka wa 1984 na vipo chini ya Wizara ya Elimu katika kaunti ndogo. Maafisa wake huchunguza jinsi mtoto anavyosikia, anavyoona, anavyotembea na anavyojifunza, kisha huandika ripoti inayopendekeza mahali panapomfaa: darasa la kawaida, kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au shule maalumu ya bweni. Bila ripoti hiyo shule maalumu nyingi hazimpokei mtoto. Mzazi asingoje hadi mtoto afike miaka sita. Mtoto asiyeitika akiitwa akiwa na miaka miwili apelekwe wakati huo, kwa sababu tatizo la masikio linalogunduliwa mapema halimpotezei mtoto lugha.

Hatua ya pili ni kumsajili mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili haulipiwi. Humfungulia mlango wa kuomba viti vya magurudumu, vifaa vya kusaidia kusikia, na msaada wa karo katika shule za bweni. Watoto wenye ualbino hupata mafuta ya kujikinga na jua kupitia baraza hilo hilo.

Misaada mingine

Chakula ndicho kinachowaweka watoto wengi darasani kuliko sheria yoyote. Mpango wa lishe shuleni ulianza mwaka wa 1980 kwa ushirikiano na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani katika maeneo kame. Serikali ikaanzisha mpango wake sambamba mwaka wa 2009, na kufikia 2018 ilikuwa imechukua jukumu lote. Haufiki kila shule, na hata unakofika chakula hukatika. Jijini Nairobi, tangu 2023, serikali ya kaunti huendesha mpango wa Dishi na Kaunti ambapo mtoto wa shule ya umma hupata chakula cha mchana kwa Sh5, akitumia bangili inayosomwa na mashine. Kwingineko wazazi huleta mahindi na maharagwe na kumlipa mpishi. Chakula si karo, na wengi hukubali kuchanga kwa moyo mkunjufu. Asiyeweza kabisa azungumze na mwalimu mkuu mapema kuliko kumwacha mtoto akae chini ya mti wenzake wakila.

Familia zinazolea yatima katika umaskini, zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, au zenye wazee, zinaweza kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii. Malipo ni Sh2,000 kwa mwezi. Tawi la yatima lilianza kwa majaribio mwaka wa 2004, na lengo lake mojawapo lilikuwa hasa kuwaweka watoto shuleni. Orodha hutayarishwa kupitia kwa chifu na maafisa wa ustawi wa jamii, na haifunguliwi kila siku. Anayestahili ahakikishe chifu analo jina lake hata kabla ya zoezi kutangazwa barazani.

Kwa wasichana waliobaleghe, marekebisho ya sheria ya elimu yaliyotiwa saini Juni 2017 yanailazimu serikali kuwapa sodo bila malipo katika shule za umma. Usambazaji umekuwa wa kusuasua, lakini haki ipo na mwalimu wa kike anayesimamia ushauri nasaha ndiye wa kuulizwa. Msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba anaruhusiwa kurudi, shule ile ile au nyingine, chini ya mwongozo wa kitaifa wa 2020. Katika maeneo ya Pwani, Nyanza na Magharibi watoto hupewa dawa za minyoo shuleni, na hata wasioandikishwa hukaribishwa siku hiyo. Jamii za wafugaji zina shule za bweni za gharama nafuu na, sehemu nyingine, shule za kuhamahama.

Kuhusu basari, mzazi wa shule ya msingi asiweke matumaini makubwa mno. Fedha za maeneobunge na za kaunti aghalabu huelekezwa kwa shule za upili na vyuo. Pale zinapomfikia mtoto wa msingi, mara nyingi huwa ni yule aliye katika shule maalumu ya bweni.

Mtoto akikataliwa

Usiondoke langoni na jibu la mdomo. Mwombe mwalimu mkuu aandike sababu, hata kwa mistari miwili. Akisema nafasi zimejaa, hilo linaweza kuwa kweli, maana kuna madarasa yenye watoto themanini, na hapo swali linalofuata ni shule gani ya karibu yenye nafasi. Akisema ni cheti au pesa, barua yako kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti Ndogo iwe na jina la mtoto, umri wake, tarehe uliyofika shuleni, ulichoambiwa, na nakala za stakabadhi ulizonazo. Bodi ya Usimamizi wa shule ipelekewe nakala. Lisipotatuliwa, hatua inayofuata ni Bodi ya Elimu ya Kaunti, na nje ya idara ya elimu kuna Tume ya Haki za Kiutawala, inayojulikana pia kama Ombudsman, ambayo hupokea malalamiko dhidi ya maafisa wa umma bila malipo.

Mtoto anayezuiwa kusoma na walezi wake mwenyewe, iwe ni kwa kuchunga mifugo, kuajiriwa kazi za nyumbani au kuozwa, anaweza kuripotiwa na mtu yeyote, jirani akiwemo, kwa afisa wa watoto au kupitia nambari 116. Simu hiyo haitozwi, na hupokelewa mchana na usiku.